Niliua Miche ya Khalati kwa Kijiko cha Chai, Nikamsingizia Jirani

Nimekosa. Niseme hivyo mwanzo kabisa kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Niliiua miche ya mlangilangi ya khalati wangu kwa mkono wangu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kisha nikamsimamisha jirani mbele ya watu nikamwita yeye muuaji. Ah! Hata kuandika naona haya.

Mimi ni yule mtu anayeharibu mazungumzo ya chakula. Ukisema maji ya dafu yanasafisha figo, nitakuuliza nani alipima. Ukiniambia nisifagie usiku nitafukuza riziki, nitafagia usiku mwezi mzima nione. Nina shahada ya takwimu na sina kazi ya maana, na huo ni mchanganyiko wa hatari kuwa nao nyumbani. Mama huniita Bi Kwa Nini.

Khalati, dadake mama, anakaa Kibokoni. Kazi yake ni maua. Hushona makoja ya asmini na vikuba vya maarusi, vile vishada vidogo vya maua ya kunukia vya kuvaa, na kikuba chake kilijulikana kwa harufu ya maua ya langilangi, kutoka mti mmoja uliosimama uani kwake tangu mimi sijazaliwa. Mwaka jana ukuta wa nyumba ya pili ulipasuka, mafundi wakasema mizizi ya mti ndiyo iliyousukuma. Mti ukakatwa. Khalati hakulia. Aliokota matunda yake meusi yaliyotapakaa chini, akayapasua, akaziosha mbegu, akazifunga kwenye kitambaa.

Uani kwake sasa ni vifusi na kivuli. Sisi tunakaa ghorofa kule Tudor, na juu ya paa kuna uwazi mkubwa wenye matangi ya maji na kamba za nguo. Jua tele. Akaniletea mimi.

"Wewe ndiye uliyesoma," akaniambia. "Tia udongoni, nyunyiza maji asubuhi, kisha shughulika na mambo yako. Usizihesabu. Na zikitoka usizionyeshe kidole, zitakauka."

"Kidole kina nini, khalati?"

"Kina nini? Kina wewe nyuma yake!"

Mama alicheka. Mimi nilicheka zaidi. Kidole! Karne hii!

Lakini sote tulijua kilichokuwa ndani ya kile kitambaa. Bila langilangi, khalati hununua maua ya watu wengine, yanamfikia yamesinyaa, na maarusi wa mjini hapa hawana subira na kikuba kisichonukia. Walikuwa wameshaanza kwenda kwingine. Na mbegu nyingine hazipo. Mti umekuwa kuni.

Nilizipanda kwenye pakiti za maziwa nilizozitoboa chini, udongo mwekundu na samadi ya mbuzi. Mpaka hapo sikukosea kitu. Ningekufa siku ile ningezikwa mtaalamu.

Tabu ni kwamba mbegu ya mlangilangi ni goigoi. Hukaa chini wiki na wiki bila kutoa habari. Na mimi kitu kisichotoa habari sikiwezi! Nikachukua kijiko cha chai, nikafukua moja nione. Imelala. Nikairudisha. Kesho yake nikafukua ya pili, nilinganishe na ya kwanza.

Zilipoanza kuchipua, zinatoa shingo zilizojikunja kama mtu anayeamshwa alfajiri, ndipo wazimu ulipopanda. Jani naliona, haya. Mzizi je? Nani kaniambia mzizi upo? Basi nikawa nauinua mche polepole, nautazama mzizi wake, mweupe, mwembamba kama uzi, naupiga picha, naurudisha, nashindilia udongo kwa kidole. Nikishuka ngazi moyo wangu mweupe kabisa. Sikufanya kitu, nimekagua tu!

Wa kwanza ukalala ubavu. Ukafuata mwenzake. Nikaingia kazini.

Nilianza na udongo: labda mzito. Nikaing'oa yote, nikachanganya mchanga, nikapanda upya. Ikafa mingine. Labda jua kali. Nikaihamishia kivulini chini ya tangi. Labda maji, maana yetu ya kisima yana chumvi. Niliyaonja kwa ulimi, nikatema, nikaanza kuinywesha maji ya chupa huku mamangu anachemsha ya kisima apikie chai. Labda siafu. Nikatia jivu. Na kila nikibadilisha kitu, kijiko kilikuwa nami, kuona kama mizizi imefurahi.

Takwimu nilifundishwa hivi: ukitaka kujua sababu, badilisha kitu kimoja, vingine viache. Mimi nilibadilisha vyote isipokuwa mtu aliyeshika kijiko.

Khalati akipiga simu huuliza, "Vipi wanangu?" Namjibu, "Wazima, khalati." Mwongo mkubwa!

Halafu nikampata mshukiwa.

Mama Mwende anakaa chini yetu. Ni mwenyeji wa Ukambani, karani kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kufua. Kamba yake ilipita juu ya pakiti zangu. Nikaona tone la maji ya sabuni linadondoka karibu na mche. Tone moja! Ndugu zangu, nilifurahi kama mtu aliyeona mwezi wa Idi.

Nikamngoja apande na beseni lake. Kulikuwa na wanawake wawili wanaanua nguo zao, wakapunguza mwendo wapate kusikia.

"Mama Mwende, maji yako ya sabuni yanaua miche yangu."

"Miche gani? Hizo pakiti?"

"Hizo pakiti ni mlangilangi."

"Woi! Mimi nilidhani mtu amesahau takataka. Pole, dada."

Wale wawili wakacheka. Hapo ulimi ukaniteleza. Hapana, nisiseme uongo tena, haukuteleza. Niliutuma.

"Nyinyi watu wa bara mnakuja hapa kutafuta kazi tu. Mji huu hamuujui thamani yake."

Wale wawili wakaacha kuanua. Hata vibanio vya nguo vilisikika vikigongana. Mama Mwende aliliweka beseni chini, akanitazama.

"Dada," akasema, "mimi naanika nguo. Hayo mengine unayaanika wewe."

Akazikunja shuka zake mbichi, akashuka nazo. Tangu siku hiyo hakupanda tena. Nguo zake zikawa zinabanana kwenye kibaraza chake kidogo kisichopigwa na jua.

Na miche ikaendelea kufa!

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Mimi mwenye shahada nikasema: anapanda kisirisiri. Nikataka ushahidi usio na ubishi. Jumamosi iliyofuata, baada ya swala ya adhuhuri, nikaibana simu yangu kwenye mguu wa tangi, inazitazama pakiti, inarekodi. Jua lilipokaribia kuzama nikaitoa. Nikagusa miche: mmoja umenyong'ea! Sikungoja hata kuitazama ile video. Mimi! Mtu ninayewaambia wenzangu wasisambaze wasichokihakiki! Nikamwomba mama amwite Mama Mwende, tukakaa sebuleni.

"Nimekuja kwa heshima ya mamako," Mama Mwende akaniambia. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani.

Nikawasha.

Mwanzo alitua kunguru. Akazitazama pakiti, kichwa upande huu, kichwa upande ule, akaruka zake. Hata kunguru hakugusa. Kisha akatokea msichana, leso kiunoni, kijiko mkononi.

"Huyu nani?" mama akauliza.

"Ni mimi. Nakagua."

"Endesha mbele."

Nikaendesha mbele. Mimi. Nikaendesha tena. Mimi. Ukiiendesha mbio video ile, msichana anaingia, anatoka, anaingia, anatoka, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilijua nilipanda paani mchana ule, lakini Wallahi sikujua kuwa ni mara zote zile. Sikuwahi kuuhesabu mkono wangu kuwa ni moja ya mambo yanayoipata miche.

"Subiri, subiri," mama akasema, ameanza kufuta machozi ya kicheko. "Anafanya nini hapo? Anaupuliza mzizi! Mwanangu, ule mzizi ulikuwa moto?"

Kweli. Nilikuwa nimeushika mche shingoni, naupuliza udongo kama mtu anayepoza chai kwenye kisahani. Kisha kidole kikashindilia. Kikashindilia tena.

Mama Mwende hakucheka.

"Zima," akasema. "Mwende amekwenda shule na sketi mbichi. Mdogo wake anakohoa, nyumba yote inanuka unyevu. Kwa sababu ya hii sinema?"

"Samahani, Mama Mwende," nikasema. "Kusema kweli haikuwa rahisi kujua, kwa sababu kulikuwa na mambo mengi ambayo yangeweza—"

Alimgeukia mama. "Unamsikia? Hata samahani yake ina utangulizi."

Akaaga kwa adabu, akafunga mlango taratibu. Bora angeubamiza.

Siku ya pili nikaenda Kibokoni. Khalati alikuwa sakafuni, sinia ya maua mbele yake, anashona. Maua ya kununua, kingo zimeshageuka rangi ya chai. Nikamwambia yote: kijiko, uongo wa simu, Mama Mwende, maneno niliyomtupia. Sindano ikasimama.

"Umesalia mingapi?"

"Mmoja."

"U wapi?"

Nikafungua mkoba wangu, nikautoa, nikauweka juu ya sinia. "Nimekuja nao uuone."

Mche ulikuwa unatikisika bado kwa safari ya tuktuk. Jani moja limelala. Khalati akauangalia, akaniangalia mimi, akauangalia tena.

"Hata leo?" akasema. "Hata leo mwanangu, hukuweza kuuacha?"

Nilikuwa nimeupakia mche wa mwisho kwenye mkoba, pamoja na funguo na chaja ya simu, nikaupitisha kwenye matuta yote ya kutoka Tudor, ili niombe radhi kwa kuusumbua! Na hakuna aliyenituma. Nilidhani bila mche mkononi hataniamini.

"Mti ule umenisomeshea watoto wangu," khalati akasema. Hakupandisha sauti. Kisha akavaa buibui lake, akaificha pakiti ndani yake kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akaniambia, "Nipeleke kwa huyo mama."

Alipanda ngazi zetu kwa kupumzika kila ghorofa. Mlangoni kwa Mama Mwende akanigeukia. "Wewe kaa hapo ngazini."

Nikakaa. Nilisikia salamu ndefu, viti vikivutwa, kisha sauti za chini nisizozipata hata nilipoweka sikio ukutani. Wakati mmoja walicheka wote wawili. Mpaka leo sijui walicheka nini, na mnanijua, inaniuma! Khalati alipotoka, mikono ilikuwa mitupu.

"Umemwambia nini?"

"Nimemuomba radhi, kwa kuwa wewe ni damu yangu. Na nimemuomba anilelee ule mmoja."

"Lakini khalati, tuna hakika gani kuwa yeye anajua..."

Alinitazama. Swali sikulimaliza.

Sasa Mama Mwende anaanika juu tena, kamba yake ileile. Mche uko ndani kwake, kwenye dirisha la upande wa jua, mahali nisipopaona. Sikatazwi kuuliza. Nikikutana naye ngazini namwamkia, kisha nauliza, "Mche vipi?"

"Upo."

Basi. Sijui una majani mangapi. Sijui kama mzizi umeshika. Sijui hata kama kweli upo, au ananihurumia, au ananiadhibu. Nasema ahsante, napita. Na hata ukipona, itapita miaka kabla haujatoa ua la kwanza. Khalati anajua. Juzi aliniomba nimtungie uzi kwenye sindano, tundu halioni vizuri. Bi arusi mmoja alimrudishia kikuba, akasema hakina harufu. Nilikuwepo. Khalati alikipokea akamwambia hapana neno.

Kwa hivyo wewe uliyepanda mbegu ndani ya kopo huko kwako, ikikawia, iache! Mzizi mchanga una vinyweleo usivyoviona kwa macho, ukiuinua mara moja vinakatika, na ndivyo vilivyokuwa vikinywa maji. Mche ukikufia, kabla hujamtafuta mchawi, jirani au chumvi ya kisima, tazama kwanza kucha zako kama zina udongo.

Na ikiwa umeshamkosea mtu, usimpelekee maelezo. Mpelekee samahani, kisha uishi na jibu atakalokupa, hata likiwa neno moja.