Karamu ya Mfalme na Sinia la Mama

Enzi zetu, sisi watoto wa Kizanzibari tuliokulia Shard End, ugenini kwa Waingereza, wafalme wa Kiingereza tuliwajua kuliko babu zetu. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakutajia wake sita wa yule mfalme mnene: nani aliachwa, nani alikatwa kichwa, nani alibahatika kumzika mume. Tulijua kwamba alikuwa na bwana mkubwa wa kumhudumia chooni, na kazi hiyo waungwana waliigombea! Tulicheka wiki nzima, tukaigiza nyuma ya magereji tulikochezea nage mpaka vidole vife ganzi kwa baridi. Watoto wa siku hizi wakitoka nje dakika mbili wanauliza waifai iko wapi.

Nyumbani tulikuwa na karamu yetu. Mama alitandika mkeka sebuleni, akaweka sinia moja la wali wa nazi na mchuzi wa papa katikati. Birika na beseni vilizunguka, ukanawa, ukasema bismillahi, ukala. Kijiko kilikuwa cha mgeni tu. Ukinyoosha mkono kufuata papa wa mwenzio, Mama alikuwa na msemo wake: "Kula mbele yako, mwanangu. Macho hayana adabu, mkono uwe nayo."

Mwaka ule mwalimu wetu aliandaa karamu ya mfalme. Tulivaa mataji ya karatasi, wazazi wakaalikwa, na uma zikafungiwa kabatini, kwa sababu enzi za mfalme yule watu walikula kwa vidole. Wenzangu walijipaka mafuta ya kuku mpaka viwikoni. Mama, na baibui lake, alinawa, akakaa, akala kwa ncha za vidole, kiganja kikabaki safi. Alikuwa na furaha. Akaninong'oneza, "Kumbe mfalme wao alikuwa na adabu kama sisi."

Mwalimu akapiga makofi. Hakuwa na ubaya moyoni, ndiyo maana iliuma zaidi. "Jamani, mtazameni mama huyu! Hivi ndivyo watu walivyokula hapa miaka mia tano iliyopita, kabla hatujajifunza!"

Darasa zima likageuka. Mama akatabasamu, akafuta mkono, na hakula tena. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni ile hakutandika mkeka. Alitupa kila mtu sahani yake na uma wake, mezani, na sinia akalitia nyuma ya kabati. Tulifurahi, maana sasa tulikuwa kama wenzetu.

Siku hizi binti yangu na rafiki zake huenda Digbeth, kwenye ghala lililogeuzwa mkahawa, wakamwagiwa kaa na mahindi juu ya meza wakala kwa mikono, tena wamevaa glavu za plastiki. Jumapili iliyopita tulikuwa kwa Mama, Acocks Green, binti yangu akasema, "Bibi, can we eat na mikono leo? Like, properly, bila gloves."

Mama alitandika mkeka. Kisha akaenda kulitoa sinia lile, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

Tukakaa chini watatu. Tonge la kwanza lilimponyoka binti yangu, la pili likayumba, la tatu likafika mdomoni salama, na Mama akacheka kicheko nilichokisahau. Na mimi? Mimi ninayejua namna mfalme alivyonawishwa kabla ya kula, wali ulinivuja vidoleni, ukamwagika kifuani, mkekani, mbele ya mwanangu. Nikajaribu tena, ukamwagika tena. Aibu ya siku ile shuleni si kitu mbele ya hii.

Enzi zile mkono wangu uliijua njia ya sinia hata gizani, umeme wa mita ulipotuishia. Sasa umebaki wa kubonyeza simu.

Mama hakunilaumu. Aliinuka taratibu, akaenda jikoni, akarudi, akaniwekea kijiko upande wangu wa sinia.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Usijitaabishe."