Koti la Baba Akinyi Kwa Mwalimu Peres

Aibu hii nimewaficha wazazi wangu huko Migori mpaka leo, lakini nyinyi ni watu wangu, na hata hivyo Kosele nzima, hapa nilikoolewa, inaijua, kwa hivyo acha niseme mwenyewe kabla hamjaletewa ikiwa imetiwa chumvi.

Bwanangu, Baba Akinyi, anauza mahindi sokoni na si mtu wa daftari, lakini mwaka huu walimchagua mwenyekiti wa wazazi shuleni, na tangu hapo kila Jumanne saa kumi anaoga, anavaa koti la kanisa na kutoka. Nikimuuliza anaenda wapi, anasema "kwa watu". Watu gani hao wa kuogewa? Mimi ni Mkuria, sisi hatudanganyiki kirahisi (ama ndivyo tunavyojisifu), nikainua godoro nikakuta daftari limejaa neno moja tu la Kiingereza, get, kurasa nne nzima, get up, get in, get off, get by, zote zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na mwandiko wa hiyo kalamu haukuwa wake. Ulikuwa wa mwanamke. Mwandiko wa mwanamke mnaujua.

Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikaamua kumfuata.

Jumanne iliyofuata nikamwacha atangulie, nikapitia nyuma ya posho mill ya kusagia mahindi, nikamwona anaingia kwa Mwalimu Peres, mjane wa binamu yake, mwanamke mrefu, msafi, wa kuongea polepole. Kwa wakwe zangu mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, hilo nililijua, na Peres alikuwa ameshakataa wanaume watatu. Nikajiambia sasa nimejua alikuwa anamngoja nani (msinicheke bado).

Nikasukuma mlango. Walikuwa wamekaa mezani, mmoja huku, mwingine kule, lakini mimi meza sikuiona, niliona koti la bwanangu limetundikwa kwenye msumari ukutani. Jirani alikuwa amenieleza kwamba siku hizi, hasa kwa watu wa kanisa, mrithi hata hahitaji kulala pale, koti lake likitundikwa tu kwa mjane basi mambo yamekwisha. Nikatoka uani nikapiga nduru, nikatangaza mpaka sokoni wakasikia kwamba Peres amerithiwa, koti liko ukutani, kila mtu aje ajionee.

Watu wakaja, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekasirika. Mzee Ojwang', mkubwa wa ukoo, alichungulia ndani, akaliona koti, akatabasamu.

"Min Akinyi," akaniambia (hapa ndivyo wanavyomwita mama yake Akinyi), "umetoka mbali lakini umetushinda kwa adabu. Mke mkubwa akitangaza mwenyewe, sisi wazee tuseme nini tena? Tumekubali."

Mke mkubwa! Nilikuja kufukuza mke mwenza, kumbe nimemwoza bwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Peres alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka bila sauti. Miaka mitatu amewakatalia hao wazee, na mimi nimewapa walichokuwa wakitafuta.

"Mzee, nimesema uongo," nikasema.

"Koti ni uongo?"

"Alikuwa anasoma."

"Mwanaume wa miaka hamsini anasoma nini kwa mjane?"

Ikabidi nichukue daftari pale mezani nisome mbele ya umati: get up, kuamka, get on, kupanda, get off, kushuka, get well, kupona, get along, kupatana. Mzee alinitazama kwa mashaka, akauliza ni neno gani hilo moja linapanda, linashuka na bado linapona. Nikageuza ukurasa, kule Peres alikoandika ndugu za neno lenyewe: forget, kusahau, beget, kuzaa.

"Aa," akasema Mzee Ojwang'. "Kuzaa pia imo."

Watu wakacheka, isipokuwa bwanangu. Ndipo akasimama akasema jambo ambalo hakutaka kabisa lijulikane. Mikutano ya shule ni ya Kiingereza, na siku ya kwanza alipojaribu kuongea alikosea, walimu wakanyamaza kwa heshima, lakini mke wake aliyefika kidato cha nne alicheka mpaka machozi, halafu akamwigiza nyumbani wiki nzima.

"Ndiyo nikaja kwa shemeji," akasema. "Yeye hachekagi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee akaamuru koti litolewe, na Peres akalitungua mwenyewe, akaniwekea mikononi, akaniambia kwa upole kwamba kuanzia siku hiyo mwanaume yeyote wa boma langu asikanyage kwake.

Tulipofika nyumbani nilimwambia bwanangu nitamfundisha mimi, get naijua yote. Akaniangalia, akasema, "Wewe utacheka."

Nimeapa sitamcheka tena, na kiapo nimekishika. Lakini mbele yangu hajawahi tena kutamka neno hata moja la Kiingereza.