Nilivyompiga Pasi Mwalimu wa Kwaya

Siku yangu ya kwanza kazini niliamini nimeharibu mali ya watu kabla sijaonyeshwa hata kiti cha kukalia. Ilikuwa Chamazi, kwenye studio ya vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mie nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu mama hakuyasimulia kwa jirani yeyote. Mkuu wa Studio, baba mrefu mwenye sauti ya chini, alinionyesha kibodi nyeupe iliyolala mezani, akasema, "Bonyeza."

Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya vilevile. Jasho likaanza.

"Mkuu, sijafanya kitu mie, nimebonyeza tu!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Binti, hiyo haiimbi. Hiyo inaagiza. Anayeimba ni kompyuta."

Nyie mnaoanza sasa hivi mnaijua kibodi ya MIDI tangu mkiwa shule, ila sie wengine tulifundishwa namna hiyo, kwa kuaibika. Kibodi ya MIDI haina sauti tumboni mwake. Ukibonyeza, inapeleka ujumbe tu: kitufe gani kimeguswa, kimeguswa kwa nguvu kiasi gani, kimeachiwa saa ngapi. Programu ya kurekodia ndiyo inayopokea ujumbe huo na kuutoa kama piano, au zeze, au tarumbeta, utakavyo wewe. Nikaona ni kitu cha ajabu sana. Mpaka leo naona hivyo.

Mkuu alinipa kazi ya kufunga vinanda, yaani kuviunganisha na kompyuta. Wateja walikuwa wanatuita majumbani na makanisani, nami naenda na begi la waya. Utaratibu aliufundisha kama anayefundisha kuswali, hakuna hatua inayoruka nyingine. Kwanza unachomeka waya wa kibodi kwenye kompyuta, na programu bado imefungwa. Ukiifungua kabla, nyingine haziioni kibodi, na utahangaika bure. Halafu unaingia kwenye mipangilio, unatafuta jina la kibodi kwenye orodha ya vifaa vinavyoingiza, unaliwekea tiki. Unafungua treki, yaani mstari mmoja wa kurekodia, unaichagulia ala, unawasha kitufe chake chekundu. Hapo ndipo unabonyeza.

"Na kama bado kimya?" nilimuuliza.

"Angalia waya. Kisha angalia waya. Kisha jiangalie wewe, umesahau kile chekundu."

Alisema kweli. Tena mara nyingi sana alisema kweli, hadi inaudhi.

Mwaka wa pili akaniazimisha Madale kwa Msimamizi wa studio nyingine, mama mmoja mkali wa Kichaga aliyekuwa mwalimu wa muziki. Huyo ndiye aliyenifundisha kuchelewa. Kompyuta inajiwekea akiba ndogo ya muda kabla ya kutoa sauti. Akiba ikiwa kubwa, unabonyeza sasa, sauti inakuja baadaye, na mpigaji anapotea njia. Ikiwa ndogo mno, sauti inakwaruza kama redio mbovu. Msimamizi alikuwaga anafumba macho, anagonga kitufe kimoja, anatikisa kichwa. "Bado. Punguza. Bado. Nataka niisikie kwenye kidole, sio kwenye kumbukumbu." Nilimpenda yule mama. Nilirudi Chamazi nikiwa fundi, na nikiwa na kiburi kidogo. Hicho kiburi ndicho kilichonitia kwenye balaa.

Kulikuwa na Mwalimu wa kwaya ya kanisa moja la jirani, mzee mpole wa Kingoni, mpigaji wao kwa miaka mingi. Alikuwa anarudi kwao Songea moja kwa moja kumuuguza mama yake. Kabla hajaondoka aliitungia kwaya wimbo mmoja, wa kwanza na wa pekee, wakaufanyia mazoezi miezi miwili. Simu zilikuwa marufuku mazoezini, wimbo usivuje kabla ya sikukuu ya kanisa. Binti aliyekuwa anamrithi kinandani alikuwa bado anajifunza, kwa hiyo wakaamua Mwalimu aje arekodi ala studio, kwaya waimbie rekodi.

Alikuja Ijumaa. Mkuu alikuwa Bunju kwenye kazi nyingine. Nilimfungia kibodi, nikamtafutia piano anayoipenda, akapiga mara moja tu, akanishukuru kama vile nimempa figo. Asubuhi yake akapanda basi.

Nikabaki na wimbo wake kwenye skrini. Nikautazama. Noti zote zilikuwa zimekaa ovyo, huku zimechelewa, huku zimewahi, hakuna hata moja iliyokaa juu ya mstari wa mdundo. Nikamwonea huruma. Nikasema, mzee wa watu, vidole vimechoka, ngoja nimsitiri. Programu zina amri inayoitwa kwantaizi: unateua noti zote, unabofya, na kila noti inakimbilia mstari wake kama wanafunzi waliosikia kengele. Nikabofya. Zikapanga foleni, zinapendeza! Nikahifadhi juu ya ileile, nikawatumia kwaya, nikafunga kompyuta, nikaenda zangu kula chipsi.

Jumatano, Mama Mwenyekiti wa kwaya akaja studio, na watu kumi na nane nyuma yake.

"Dada, umetupa rekodi ya nani?"

"Ya Mwalimu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hii siyo ya Mwalimu. Sie hatuwezi kuiimba hii. Sauti ya nne, wazee wa besi, wanafika katikati pumzi hawana."

"Tunakabwa," akasema mzee mmoja wa sauti ya nne, mnene, ameshika kifua. "Hiyo piano yako inatukimbiza kama mgambo."

Kina mama wa sauti ya pili wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Sikukuu ni Jumapili. Kama hauimbiki, tutauacha, tuimbe wa zamani. Ila mie sijui nitamwambia nini yule mzee. Ametuachia wimbo mmoja tu."

Mkuu alifungua kompyuta, akatazama zile noti zilizonyooka. Akanigeukia. "Nani alikutuma kumpiga pasi Mwalimu?"

"Mkuu, alikuwa anachelewa."

"Nakala mbichi iko wapi?"

Nikamnyooshea kidole ileile iliyo kwenye skrini. Alijua. Yeye hakuwahi kugusa kitu cha mtu bila kuhifadhi kwanza kilivyoletwa. Mie nilikuwa nimeandika juu ya ileile, na kurudisha nyuma hakuna tena ukishafunga programu. Kupigia simu Songea hakukusaidia, kule Mwalimu hana kinanda. Nikalia. Naandika wazi, nililia mbele ya kwaya nzima, na yule mzee mnene akanipa leso yake.

Mkuu alinisubiri nimalize. Halafu akasema neno ambalo kwangu ndilo shule yote niliyosoma. "Ulichofuta ni muda tu. Noti zipo, nguvu ya vidole ipo. Muda wa Mwalimu nani mwingine anao?"

Nikafuata macho yake. Alikuwa anawatazama waimbaji.

Tukazima ala. Tukazima na ule mlio wa kuhesabia mdundo. Tukaweka maiki moja katikati, Mwenyekiti akainua mkono, kwaya wakaimba wimbo wote bila kinanda, kama walivyouzoea naye. Ndipo nikasikia. Walikuwa wanaenda, wanasita, wanavuta pumzi wote pamoja, wanaenda tena. Ule uchelewaji wa Mwalimu haukuwa uchovu. Alikuwa anawangoja wapumue.

Wakaimba mara tatu. Wakaenda makwao, mie nikabaki na kazi. Juu niliweka sauti zao, chini noti za Mwalimu, na siku mbili nzima nilisogeza noti mojamoja kwa mkono, ya kushoto nyuma kidogo, ya kulia mbele kidogo, nikifuata pumzi za watu. Mkuu alikuwa ananiletea chai, anasikiliza, anasema, "Bado. Mama wa sauti ya kwanza hajamaliza." Hakunigombeza tena hata neno.

Jumapili waliimba. Sijasikia kitu kizuri kama kile, na nimefanya kazi na wengi. Yule mzee wa sauti ya nne alinipungia leso kutoka mstari wa nyuma.

Mwenyekiti akamtumia Mwalimu rekodi ya ala. Kesho yake simu yangu ikaita.

"Mwanangu, nimesikia ni mimi mwenyewe ninayepiga. Ila ubeti wa pili, kabla sauti ya nne haijaingia, pana mahali panangoja sana."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Pale nilikuwaga nakosea. Kila siku. Natafuta kitufe cha mbali kwa kidole kidogo, sikipati upesi. Nani amekuonyesha kosa langu?"

"Sauti ya nne, Mwalimu. Pale ndipo wanapovuta pumzi."

Nikamsikia anauimba ubeti ule kwa sauti ya chini, akafika pale, akavuta pumzi.

"Nirekebishe?" nikamuuliza.

"Ukirekebisha, wale wazee watapumulia wapi? Acha hivyohivyo."

Mwaka huu nimestaafu kufunga vinanda. Msinicheke, kwenye fani yetu mwenye miaka ishirini na nane anapewa shikamoo. Nimepata chumba Bunju, kina dirisha, nafundisha watoto piano, na nina ndoto nyingi kuliko samani. Kazi ile ilinilea. Nilikutana na watu waliojua vitu kwa undani na hawakuona shida kunigawia, mie ambaye cheti changu hakisemi lolote la maana. Mkikutana na watu wa namna hiyo, kaeni karibu nao, bebeni hata waya zao.

Mwezi uliopita nilipita kanisani kwa ile kwaya. Rekodi hawaitumii tena, yule binti sasa anapiga mwenyewe, na anapiga vizuri sana. Walipofika ubeti wa pili nikamtazama mkono. Kidole chake kidogo kilishafika kwenye kitufe cha mbali, kimetulia juu yake, na yeye anawatazama wazee wa sauti ya nne, anangoja.