Gari Lililochemsha Mara Tatu

Ni saa mbili kasoro robo asubuhi. Fundi mwenye mvi amepiga magoti mbele ya gari jekundu la spoti, la viti viwili. Boneti iko wazi, injini inanguruma. Ndani ya gari, mwenye mali anamsomea kipimo cha joto kwa sauti ya darasani.

“Mshale umefika katikati, fundi.”

“Niambie ukipita.”

“Umepita.”

Fundi anashusha pumzi. “Zima, Mwalimu.”

Kila mtu hapa mtaani humwita Fundi Mvuke. Ana umri wa miaka sitini na mmoja, na kati ya hiyo, thelathini na saba ameimaliza kwenye injini zinazochemsha. Huzigusa bomba za injini moja baada ya nyingine kwa mgongo wa kiganja, taratibu, huku midomo ikichezacheza.

“Mke wangu analalamika,” anasema. “Eti akiugua homa, namgusa paji la uso halafu natafuta pa kufungua boneti.”

Gari la leo limemtoa jasho. Mwenye nalo ni mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyelinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Alitamani gari la aina hii tangu akiwa msichana. Wanawe walimcheka.

“Wananiambia, mama, umechanganyikiwa,” anasimulia. “Nikawajibu: nimewabeba nyuma miaka thelathini, sasa nimenunua gari lisilo na viti vya nyuma.”

Kicheko chake hakikai. Miezi miwili iliyopita feni ya rejeta, kile kipoza maji ya injini, ilikufa, na Fundi Mvuke akafunga mpya. Joto likaendelea. Gari likarudi, akabadilisha themostati na pampu ya maji. Joto likaendelea. Kwenye barabara kuu mshale hutulia tuli, lakini gari likikwama kwenye foleni tu, unaanza kupanda.

“Leo likinishinda, naliuza,” Mwalimu anasema. “Nimeshampa dalali namba yangu. Wanangu watafurahi.”

Fundi Mvuke anapiga magoti tena. Anaikagua rejeta upya, anatafuta uvujaji, hauoni. Anaitazama feni. Inazunguka vizuri, kwa kasi, bila kelele. Kisha anasimama ghafla na kumwita mama wa chai, ambaye meza yake iko mlangoni.

“Mama, nipe ukurasa mmoja wa gazeti la jana.”

Mwalimu anawasha tena. Feni inapoanza kuzunguka, fundi anausogeza ukurasa mbele ya rejeta. Kazi ya feni ni kuvuta hewa ya nje iingie ndani, kwa hiyo karatasi inapaswa kunata pale. Hainati. Inaruka na kumganda kifuani.

Anaiondoa taratibu, anaikunja mara mbili.

“Feni inazunguka kinyume,” anasema. “Gari likikimbia, upepo wa barabarani unaisaidia rejeta. Likisimama, feni inapuliza nje badala ya kuvuta.”

“Nani aliifunga hivyo?”

“Mimi.”

Plagi ya feni mpya haikulingana na ya zamani. Akakata nyaya, akaziunga mwenyewe, akazipishanisha. Mambo ya umeme si fani yake. Ni fani ya mdogo wake, Fundi Waya, mwenye karakana upande wa pili wa ukuta wa mabati. Ndugu hawa hawajasemezana kwa miaka sita. Likiwapo neno la lazima, mama wa chai hulibeba pamoja na vikombe.

Zamani walifanya kazi chini ya paa moja. Siku moja gari la mteja likafuka moshi kwenye nyaya. Fundi Mvuke akapandisha hasira na kumwita mdogo wake fundi wa kubahatisha, mbele za watu. Mdogo wake akafungasha spana zake siku ileile.

“Wiki haikuisha nikajua kosa halikuwa lake. Betri aliyoileta mteja ndiyo ilikuwa mbovu,” anasema Fundi Mvuke, macho chini. “Nikanyamaza. Ukishanyamaza mwezi, wa pili unakuwa mwepesi.”

Wateja nao wakapungua karibu nusu. Nani atake kupanga foleni mara mbili kwa gari moja?

“Si ugeuze tu hizo nyaya?” Mwalimu anauliza. “Ni mbili.”

“Naweza. Lakini hata mara ya kwanza nilidhani naweza.”

Anafuta mikono, anapiga moyo konde, anauzunguka ukuta. Fundi Waya amelala chini ya dashibodi ya gari dogo. Inayoonekana ni miguu tu.

“Mdogo wangu.”

Miguu inatulia. “Mama wa chai hayupo?”

“Yupo. Nimekuja mwenyewe.”

“Kuna nini?”

“Nimeunga nyaya za feni vibaya. Inapuliza nje.”

“Mbele ya mteja?”

“Mteja ni mwalimu. Ameshanipa sifuri.”

Chini ya dashibodi kunasikika kitu kama kikohozi, au kicheko kilichozuiwa. Fundi Mvuke anaendelea kabla ujasiri haujamtoroka.

“Na lile gari lililofuka moshi. Hukukosea. Nilijua, nikakaa kimya. Nisamehe.”

Fundi Waya anajitoa nje polepole. Anafuta kidole kimoja kimoja.

“Miaka sita, kaka. Na ulikuwa hatua kumi tu kutoka hapa.”

“Tisa. Leo nimezihesabu.”

Mdogo anaokota koleo lake. “Twende tukaone ulichokiharibu.”

Kazi haifiki dakika ishirini. Fundi Waya anakata viungo vya zamani, anavigeuza, anaviziba vizuri. Kaka yake anamshikia taa bila kutoa ushauri hata mmoja. Injini inawashwa, ukurasa wa gazeti unanata kwenye rejeta. Mwalimu analiacha gari lingurume palepale dakika arobaini. Mshale unafika katikati, feni inaingia kazini, mshale unashuka.

Simu ya Mwalimu inaita. Ni dalali.

“Umekosea namba,” anamjibu, na kufunga mkanda.

Kuhusu mipango yake, Fundi Mvuke anasema kwanza kwamba angependa warudi kupokea magari pamoja, mdogo wake akiridhia. Kisha anasema lililomkaa zaidi moyoni. Fundi Waya ana binti wa miaka minne, ambaye yeye, baba yake mkubwa, hajawahi kumbeba. Jumapili amealikwa kwenda kumwona.

“Sijui mtoto wa umri huo anaongeleshwa nini,” anasema, akivua ovaroli na kuyakagua madoa yake. “Mama yake ametuma ujumbe nisiende na hii. Basi nitanunua shati.”