Maturubai Mawili ya Tanga

Kwetu Katelembo, Ukambani, mtu akija kwenye sherehe hanyamazi. Anaanza kupiga vigelegele angali barabarani, ili wenye nyumba wajue amekuja na moyo mweupe. Mama alinifundisha hivyo nikiwa mdogo kabisa, na siku za ntheo, mbuzi wa mahari wakiingizwa bomani kwa kina msichana, sauti zetu wawili zilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Sisemi haya kujitetea. Nataka tu ijulikane kwamba nilichofanya Tanga nilikifanya kwa nia njema, na kwa pumzi zangu zote.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Rafiki yangu tangu darasa la kwanza, msichana wa familia ya Kiislamu pale Machakos mjini, alikuwa ameolewa na mwalimu wa Tanga. Babu yake ndiye aliyetoka pwani zamani akafungua duka la vitambaa, na watoto na wajukuu wakakulia hapo, wakiongea Kikamba kama sisi. Nikaha ilisomwa Machakos. Iliyobaki ilikuwa walima, karamu ya upande wa mume, huko huko Tanga. Mama yake rafiki yangu akaniambia, "Wewe ni mtoto wetu. Hatuwezi kumpeleka mwenzako tukuache."

Sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wa Kenya. Bahari yenyewe nilikuwa nimeiona kwenye simu tu. Wiki nzima nilijisifu sokoni Tala, ambako mama huuza mitumba. Mwanamke wa meza ya jirani aliniuliza, "Hiyo Tanga ni ng'ambo?" Nikamjibu, "Ni ng'ambo." Akaniangalia kwa heshima ambayo sikuwa nimeizoea, nami sikuongeza kitu.

Tulifika jioni. Nakumbuka joto lililonikumba nikishuka kwenye basi, na baiskeli, baiskeli kila mahali, hata kina mama wenye mabuibui wakizipanda bila haraka. Kabla hata ya kulala nilikuwa nimeaibika mara moja. Niliingia dukani nikasema, "Nipee maji baridi." Muuzaji, mzee mwenye kofia ya kufuma, hakuinuka. Alinitazama akasema kwa upole, "Hujambo, binti?" Nikatambua kwamba nilikuwa nimeingia kwa mtu nikaagiza kama namdai. Nikasema, "Poa." Wateja wawili wakacheka. Si cheko baya, lakini nilitoka na ile chupa masikio yakiwa moto. Kiswahili nilikuwa nimekisoma miaka yote ya shule, na hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimewahi kukaa nacho nyumbani.

Sisi wageni tulilazwa kwa jamaa mmoja wa bwana harusi, mitaa michache kutoka nyumba ya karamu. Asubuhi kila mtu aliamka mapema kwenda kusaidia kupika. Mimi tumbo lilikuwa limevurugika kwa safari, kwa hivyo wakaniacha nipumzike. Shangazi yake rafiki yangu, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, ndiye aliyenielekeza. Alisimama mlangoni akafunga mtandio wake.

"Ukishapata nguvu, unafuata hii barabara moja kwa moja. Mtaa wa tatu unakata kushoto. Utaona turubai. Ukiona turubai, umefika."

Nilipata nguvu. Nikaoga, nikavaa dera la rangi ya chungwa nililoazimwa na mama yake rafiki yangu, nikajipaka wanja. Njiani nilihesabu mitaa, na mpaka leo sijui nilikosea wapi. Labda kile kichochoro cha kwanza hakikuwa mtaa. Nilikata kushoto, na kweli, mbele yangu kulikuwa na turubai.

Chini yake wanaume wa kanzu na kofia walikuwa wamekaa kwenye viti, wakizungumza kwa sauti ya chini. Kando ya ukuta sufuria kubwa zilikuwa mekoni, na harufu ya vitunguu vya kukaanga ilitapakaa. Mlangoni kulikuwa na rundo la viatu vya wanawake. Kutoka ndani nilisikia mtu akisoma Kurani. Nikawaza, dua ya maarusi, nimechelewa. Nikawapita wanaume kwa adabu, kichwa chini, nikavua viatu, nikavuta pumzi, nikaingia huku nikipiga kigelegele.

Nilikipiga kirefu. Kilipokwisha nikaongeza cha pili, kisha nikasema, "Hongereni jamani! Hongereni!"

Usomaji ulikatika. Chumba kilijaa wanawake waliokaa kwenye mikeka, kanga wamejitanda mpaka usoni, na wote walikuwa wamenigeukia. Hakuna aliyevaa dhahabu. Hakuna aliyepakwa hina. Mwanamke aliyekuwa karibu na mlango alikuwa na macho mekundu yaliyovimba. Mtu mmoja alisema, "Astaghfirullahi," polepole, kama anayepumua. Kutoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia, nikasikia sauti ya mwanamke mzima ikiita jina la mwanamume. Iliita mara moja, kwa swali.

Msichana wa rika langu akainuka kutoka kwenye mkeka akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Umekuja kutucheka?"

Nilitaka kusema pole. Neno hilo nalijua, kila Mkenya analijua. Lakini kinywani likatoka jingine. "Sori," nikasema. "Sori, sori sana." Ni neno ambalo kwetu humwambia mtu uliyemkanyaga kwenye foleni.

"Baba yetu hajatoka hata ndani," akasema. "Bado yumo humo."

Nikakimbia. Sikuomba radhi, sikueleza, sikukaa chini kama mtu mwenye akili angefanya. Niliwapita wanaume waliokuwa wamesimama sasa, nikapita sufuria, nikapiga kona, nikaendelea mpaka nilipohisi nyayo zinaungua na kugundua kwamba sikuwa na viatu.

Turubai la pili lilikuwa mtaa uliofuata. Hapo kulikuwa na ngoma na watoto na taarabu kwenye spika, na hakuna mtu ambaye angeweza kukosea. Niliingilia mlango wa nyuma nikitumaini hakuna atakayeniona. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Alinitazama uso, kisha miguu.

"Viatu vyako viko wapi?"

Nilimwambia. Sikuwa na uwongo wowote tayari, na hata kama ningekuwa nao, wanja ulikuwa umeshanitiririka mpaka kidevuni. Alisikiliza akiwa bado ameshika kifuu cha nazi. Wanawake wawili waliokuwa wakichambua mchele walisikia, mmoja akafunika mdomo kwa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Shangazi akamgeukia. "Usicheke. Kuna maiti." Kisha akaniambia, "Kanawe uso. Kesho tutarudi."

"Shangazi, siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza."

Karamu ile siikumbuki vizuri. Habari ilifika kabla ya pilau kupakuliwa. Niliona wanawake wakinong'onezana na kunielekezea kidevu, na bibi mmoja wa upande wa mume akanishika mkono akasema, "Ndiye wewe? Maskini." Rafiki yangu alipotolewa nje, amepambwa, mzuri mpaka nikamwogopa, nyumba nzima ilipasuka kwa vigelegele. Alinitafuta kwa macho. Nilifungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Nilimpigia makofi tu. Baadaye aliniambia alidhani nimemkasirikia.

Kesho yake shangazi alinivalisha buibui lake jeusi, lililoburuzika chini kwa urefu, akanitwika kikapu cha mchele na sukari. Njiani alinifundisha la kusema, nami nikalirudia kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu mkuu. Turubai bado lilikuwepo. Wanaume walikuwa wachache. Mmoja alinitambua, nikamwona akimgusa mwenzake goti.

Yule msichana ndiye aliyetupokea mlangoni. Hakunijibu salamu. Alimjibu shangazi, akachukua kikapu, akatupeleka ndani nyuma ya pazia, alikokuwa mama yake amekaa eda ya mumewe.

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa nguo nyeupe, amekaa sakafuni ameegemea ukuta. Kitanda kilikuwa kimeondolewa godoro. Nilipiga magoti nikasema, "Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi. Nilipotea njia, sikujua. Poleni kwa msiba." Nililisema lote bila kukosea, kwa lafudhi yangu ya Kikamba inayopiga maneno kama nyundo.

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa," akasema. "Unatoka wapi?"

"Machakos, mama. Kenya."

"Nyumba ya walima ulikuwa unaitafuta."

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa. Nikadhani tumemaliza. Kisha akasema, akiangalia mikono yake na si mimi, "Nilikuwa nimekaa naye hapa, tunawasubiri waje kumwosha. Niliposikia kile kigelegele, moyo ukaniambia, kaamka. Wamemwona kaamka, wanafurahi. Nikamwita. Nikamfunua uso."

Shangazi akasema, "Innalillahi."

"Mara moja tu," mama yule akasema. "Kisha nikamfunika."

Hakulisema kwa kunilaumu. Nadhani hakuwa amemwambia mtu mwingine, na nilikuwa mimi niliye mbele yake. Lakini afadhali angenipiga kofi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa kicheko. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa sina adabu. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba kulikuwa na mtu, nyuma ya pazia, aliyenisadiki.

Nililia, na hilo nalo likaniaibisha, kwa sababu hakikuwa kilio changu. Yeye akaninyooshea ncha ya kanga yake nijifute. Aliniuliza kama mama yangu yu hai, nikasema yu hai. Akauliza kama huko kwetu mvua zimenyesha, nikasema bado, mahindi yamekauka. Akasema Mungu ataleta. Shangazi akaniminya bega tukaaga.

Mlangoni binti yake alinipa viatu vyangu. Alikuwa amevifunga kwenye gazeti, vizuri, kama kitu cha duka. Nikaanza, "Dada, naomba..."

"Mama amekusamehe," akasema. "Mimi bado." Akarudi ndani.

Niliporudi Machakos nilimweleza mama yangu juu ya baiskeli, juu ya bahari, juu ya machungwa yaliyouzwa yakiwa yamemenywa. Hilo jingine sikumwambia. Yule mwanamke wa sokoni Tala aliniuliza ng'ambo kukoje, nikamwambia ni kuzuri, kuna joto. Aliona sina hadithi, akarudi kwenye nguo zake.

Baada ya miaka miwili rafiki yangu alijifungua mtoto wa kike, akanipigia simu kila wiki mpaka nikaishiwa visingizio. Nilikwenda. Alinipokea stendi, mtoto amemfunga kifuani, tukatembea kwa sababu alitaka nione jinsi anavyoujua mji sasa. Aliwasalimu watu kila hatua chache, na Kiswahili chake kilikuwa kimelainika. Aliongea kama wao. Nilipoanza kuitambua barabara niliacha kuongea. Tulipokaribia ule mtaa wa msiba, rafiki yangu alikata kushoto mapema, tukaingia kichochoro cha mchanga nyuma ya madrasa, tukazunguka nyumba nyingi, jua likituchoma sote watatu. Ilikuwa njia ndefu bila sababu yoyote aliyoitaja. Yeye alikuwa ananisimulia habari za usingizi wa mtoto, na hakukatiza hadithi yake hata mara moja.