Mshenga na Jani Lenye Tundu

Jamani, aibu nyingine mtu unaimeza tu, lakini hii yangu kijijini kwetu Goweko wote wanaijua, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wanaotia chumvi. Kwanza mjue kwamba mimi kwa tumbaku siguswi. Jani nikilishika tu, hata macho nimefumba, nakwambia litauzwa daraja gani (sijivuni, waulizeni wakulima wenzangu). Na ulimi pia ninao, ndiyo maana mpwa wangu Elia alipotaka kuoa Tabora mjini, kule Kitete, ukoo ukanituma mimi kuwa mshenga.

Tukaenda, mimi na dada yangu, mama yake Elia. Mama Neema, mama wa binti tuliyemwendea, akatukaribisha sebuleni, kisha akarudi jikoni na dada yangu akamfuata kumsaidia, nikabaki peke yangu na koti langu la kuazima. Ndipo nikauona mmea, umetoka kwenye ndoo pembeni, umepanda ukuta mpaka darini, majani mapana kama ungo, na kila jani limetobokatoboka! Roho ikaniuma. Nikasema hawa watu wa mjini, wadudu wanawalia mmea sebuleni na wao wanapita tu! Nikachuma jani moja la chini, moja tu, nikaona la pili limezidi, la tatu ndiyo usiseme, na nilipokuja kushtuka limebaki shina tupu linaning'inia, majani yote nimeyapanga sakafuni kwa madaraja. Na kama haitoshi, nikatafuna ukingo wa jani nijue ni ugonjwa gani.

Loh! Ulimi ukawaka moto, midomo ikavimba, na Mama Neema huyo anaingia na sinia la wali.

"Mzee! Umeufanyaje mmea wangu?"

Nataka kusema "wadudu," inatoka "wawuwu."

Neema mwenyewe akaja mbio na maziwa nisukutue, anajizuia kucheka. "Mjomba, hauna wadudu. Asili yake ni misitu ya mvua huko mbali, unapanda juu ya miti, na majani yake hutoboka yenyewe. Ndiyo uzuri wake."

Methali zangu zote nilizozipanga njia nzima zikaishia tumboni. Dada yangu ndiye aliyeomba radhi, akaomba na mke papo hapo. Mama Neema akachukua kisu. Kisha akakata kipande cha lile shina, akanikabidhi.

"Si wewe bingwa wa majani? Kauoteshe. Siku ukiniletea jani moja lenye tundu, ndipo tutazungumza habari za ndoa."

Nikaupanda kwenye ndoo kivulini, ukutani kwangu. Basi mimi niliyepigana na wadudu maisha yangu yote nikawa naamka kumwomba Mungu tundu! Likatoka jani, zima. La pili, zima vilevile, zuri la daraja la kwanza, nikatamani kulia. Elia akipiga simu ni hilo hilo tu: "Shikamoo Mjomba, limetoboka?" Namjibu, "Marahaba, bado," nasikia anavyoshusha pumzi. Siwafichi, niliumia, mtoto wa dada yangu nimemwekea ndoa yake kwenye ndoo.

Asubuhi moja jani jipya likakunjuka, nikaona mwanga unapita katikati yake. Nikapiga yowe, "Limetobokaaa! Limetoboka jamani!" na majirani wakaja mbio na mabomba ya dawa mgongoni, wakidhani wadudu wamevamia tumbaku, wakanikuta mzee mzima nacheza mbele ya jani moja. (Hiyo nayo bado wanaisimulia.)

Jani lile nikampelekea Mama Neema, naye akatimiza ahadi yake; leo Neema ni mke wetu, na mmea umeshika paa. Mgeni akiniambia, "Mzee, majani yako yameliwa," namcheka kwanza, halafu namsimamisha nimweleze mpaka achoke, kwa sababu kijiji kizima mwenye matundu kama hayo ni mimi peke yangu! Ila sebuleni kwa watu siku hizi naikalia mikono yangu yote miwili, hata kama majani ni ya plastiki.