Nyota Bubu wa Yeoville

Msusi mmoja wa Yeoville, mtaa wetu wa wahamiaji, mama wa Kikongo aliyenisuka nywele kwa miaka mingi, amefariki kabla ya kufika miaka arobaini. Ugonjwa haukumpa hata nafasi ya kuaga. Nilikwenda matangani mtaa wa Rosettenville nikakuta watu wakimlilia mwanakwaya mpole. Wachache sana walijua kwamba marehemu aliwahi kuwa nyota wa filamu.

Zilikuwa filamu fupi, bubu kabisa, zilizopigwa na mpiga picha wa harusi kwa kamera iliyokufa kinasa sauti. Tulizitazama saluni huku tukisukwa. Siku moja nilimuuliza kwa nini hawaitengenezi kamera hiyo. “Ya nini, dada? Mie nikisema Swahili ya kwetu, Batanzania banacheka. Nikisema Français, Bakenya banakimbia. Nikinyamaza, bote banasikia.” Nilikuwapo siku robot, taa za kuongozea magari, ilipozimika kwa mgao wa umeme, naye akaingia njia panda na gauni la harusi la kuazima, akaongoza magari kwa kitana huku kamera ikimfuata. Ajabu ni kwamba madereva walimtii. Mmoja wa teksi alipita akimsifu kwa sauti, “Sharp, sista!” Yeye hakutabasamu hata chembe. Baadaye zikaja simu za kurekodi picha na sauti, kila mwenye mdomo akawa msanii, naye akarudi kwenye nywele zake. Mji huu husahau upesi, na sisi wahamiaji tunausaidia.

Binti yake, mzaliwa wa hapa, ndiye aliyeileta filamu ile ya njia panda matangani, akaionyesha ukutani. Alitaka watu wajue mama yake alikuwa nani. Lakini kiongozi wa kwaya aliona ni aibu msiba kuwa kimya, akafungulia wimbo wa maombolezo kwenye spika juu ya picha. Watu wakaimba wamefumba macho, gauni likipita ukutani bila wa kulitazama. Binti akasimama, Kiswahili kikimkwama. “Eish, anko, zima. Plizi. Angalia mama.”

Muziki ukazimwa. Kitana kikainuka, gari likasimama, bibi mmoja akaangua kicheko na nyumba nzima ikamfuata. Binti alicheka huku akilia. Mimi si mtu wa machozi misibani, lakini pale yalinitoka.

Tuna bidii mno ya kuwasemea wafu wetu, kwa sifa ambazo wenyewe wangezishangaa. Siku nyingine heshima ni kufunga mdomo na kufumbua macho. Wimbo tungeuimba hata kesho. Yeye alikuwa na dakika chache tu pale ukutani.